Jinsi ya Kuchunguza Historia ya Sororiti Iliyokufa na Kujua Jina Lake ni Mali ya Nani

Swali hili hunifikia kwa njia mbili. Kuna anayefungua sanduku la marehemu bibi wa mumewe huko Ohio au Kansas, akakuta beji ndogo ya dhahabu yenye herufi tatu za Kigiriki, na katika ukoo mzima hakuna anayejua ni ya nini. Na kuna wasichana wa chuo, siku hizi wengine ni watoto wa familia zetu zilizohamia Marekani, ambao wamekaa kikao, wamechagua herufi za chama chao kipya, wameshachapisha na fulana, ndipo ofisi ya wanafunzi inapowaambia kuwa jina hilo liliwahi kuwa la watu wengine. Wa kwanza anataka historia. Wa pili wanataka kujua kama jina linatumika. Kazi yao ni moja, kwa sababu haki ya jina haijulikani mpaka historia yake ijulikane.

Kwa asiyeijua, sororiti ni chama cha udugu cha wanafunzi wa kike katika vyuo vya Marekani na Kanada. Chama hicho huitwa kwa herufi za alfabeti ya Kigiriki, kwa kawaida mbili au tatu, na kina katiba, beji, rangi, nyimbo na sherehe ya siri ya kumwingiza mwanachama. Akishaingizwa, ni mwanachama maisha yake yote. Umoja wao mkongwe, National Panhellenic Conference, ulianza mwaka 1902 na leo una vyama 26. Vilivyozimika njiani ni vingi, na ndivyo tunavyovifuata hapa.

Tafuta kwanza kilivyokufa

Karibu kila anayeanza uchunguzi hukimbilia mwaka wa kuanzishwa na majina ya waasisi. Habari hizo ni tamu, lakini hazikuambii nani mrithi. Fanya kama tunavyofanya kwenye mirathi: kabla ya kugawa chochote, jua marehemu alikufaje na aliacha nani. Sororiti hufa kwa njia nne, na kila njia ina mrithi wa aina yake.

Njia ya kwanza ni kumezwa na chama kikubwa zaidi. Delta Sigma Epsilon ilianzishwa mwaka 1914 katika Chuo Kikuu cha Miami, kilichopo mji wa Oxford, Ohio (si Miami ya Florida, na kosa hilo limepoteza siku za watu wengi), ikaingia ndani ya Delta Zeta mwaka 1956. Pi Kappa Sigma ilianza mwaka 1894 kwenye chuo cha ualimu cha Ypsilanti, Michigan, ikamezwa na Sigma Kappa mwaka 1959. Mwaka huohuo Theta Sigma Upsilon, iliyozaliwa Emporia, Kansas, mwaka 1921, iliingia Alpha Gamma Delta. Beta Sigma Omicron ya Missouri, ya mwaka 1888, ilijiunga na Zeta Tau Alpha mwaka 1964. Katika vifo vya namna hii mrithi yupo, ana ofisi na ana wakili. Usilichukulie jina kuwa halina mwenyewe.

Njia ya pili ni kuvunjwa. Iota Alpha Pi iliundwa New York mwaka 1903 na wasichana wa Kiyahudi, wakati ambapo vyama vingi viliwafungia mlango Wayahudi. Ilidumu karibu miaka 70, kisha ikafungwa mwaka 1971 bila kuingia katika chama kingine. Hapa hutafuti mrithi kwanza, unatafuta karatasi za kufunga: azimio la mwisho, nani alikabidhiwa fedha zilizobaki, na kumbukumbu zilipelekwa wapi.

Njia ya tatu si kifo hasa, ni kubadili jina, na ndiyo inayowapoteza wengi. Mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha Nebraska, wasichana waliokuwa na uhusiano na jumuiya ya Eastern Star waliunda chama wakakiita Achoth. Neno hilo ni la Kiebrania lenye maana ya dada, ndugu wa damu wa lile “ukhti” ambalo akina mama wa Kiislamu wa pwani yetu huitana. Mwaka 1922 wakaliacha, wakawa Phi Omega Pi. Anayetafuta “Achoth” baada ya mwaka huo atasema chama kimekufa, na anayetafuta “Phi Omega Pi” kabla yake atasema hakikuwapo. Chama kilikuwa hai wakati wote.

Njia ya nne ni ya chama cha chuo kimoja tu, kisicho na makao makuu, kilichofifia kimya kimya wanachama wa mwisho walipohitimu. Hakuna azimio, hakuna barua. Hiki ndicho kigumu kuliko vyote, na ndicho kinachohitaji subira yako zaidi.

Kumbuka pia kwamba urithi hupitia mikono mingi. Sigma Phi Beta iliingia Phi Omega Pi mwaka 1933, kisha Phi Omega Pi ikaingia Delta Zeta mwaka 1946. Theta Upsilon, iliyokwisha kumeza Lambda Omega, nayo iliingia Delta Zeta mwaka 1962, na Beta Phi Alpha ilikuwa imetangulia mwaka 1941. Kwa hiyo mtu anayeuliza habari za Sigma Phi Beta leo hubisha hodi kwenye mlango wa tatu. Chora mlolongo huo kwenye karatasi kama unavyochora shajara ya ukoo, kila mshale na mwaka wake. Kuna muungano ambao si matawi yote (tawi ni kundi la chama katika chuo kimoja) yaliyoufuata, mengine yalikwenda kwa chama tofauti. Andika na hayo.

Soma kitu kilichopo mkononi

Kama una beji, igeuze. Nyuma yake mara nyingi kuna jina la mwenyewe au herufi za mwanzo za jina, tarehe, na alama ya sonara. Kampuni chache ndizo zilizotengeneza sehemu kubwa ya beji hizi: L. G. Balfour ya Attleboro, Massachusetts, iliyoanza mwaka 1913, na masonara wa Detroit kama Burr, Patterson & Auld na Wright, Kay. Alama ya Balfour inakuambia papo hapo kwamba beji haikutengenezwa kabla ya 1913.

Tazama pia kama kuna kipini kidogo kilichofungwa kwa mkufu mwembamba. Herufi iliyo kwenye kipini hicho kwa kawaida ni ya tawi, na matawi hupewa herufi kwa utaratibu: Alpha ni tawi la kwanza, Beta la pili, na kuendelea. Herufi moja hiyo inaweza kukutoa kwenye nchi nzima na kukuweka kwenye chuo kimoja.

Piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirisha, bila kuisafisha. Wanaoisugua kwa dawa ya meno huifuta ile ile alama tunayoitafuta.

Vitabu viwili vya kuanzia

Kitabu mama cha mambo haya ni Baird's Manual of American College Fraternities. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1879, na toleo la 20, la mwisho kuchapwa, lilitoka mwaka 1991. Ndani yake kuna orodha za vyama vilivyo hai pamoja na sehemu ya vilivyokwisha. Usisome toleo moja. Chukua matoleo matatu yanayofuatana, moja la kabla ya kifo, moja la karibu na kifo, moja la baadaye, uyalinganishe: idadi ya matawi inavyopungua, anwani ya makao makuu inavyohama kutoka ofisi ya mjini hadi nyumba ya mtu, na hatimaye jina linavyohamia sehemu ya marehemu. Matoleo ya zamani yamewekwa bure kwenye maktaba za mtandaoni za Internet Archive na HathiTrust.

Kwa vyama vya wasichana peke yao kuna The Sorority Handbook ya Ida Shaw Martin wa Boston, iliyoanza kutoka mwaka 1907 na kuendelea kwa matoleo kadhaa hadi 1931. Kwa miaka hiyo, ndiyo inayotaja vyama vidogo ambavyo vitabu vya wanaume vilivipita bila kuviangalia.

Halafu kuna mahali pamoja ambapo ningekutuma hata kama huna muda wa pengine popote: Chuo Kikuu cha Illinois kule Urbana-Champaign. Hifadhi yake ya nyaraka ina kitengo maalumu cha maisha ya wanafunzi, na humo kuna mkusanyiko wa Stewart S. Howe, wenye magazeti ya vyama, vipeperushi na barua. Chuo hicho pia kimeweka mtandaoni orodha kubwa ya vyama vya Marekani inayoendeleza kazi ya Baird's pale ilipokoma.

Nenda chuoni, ana kwa ana au kwa barua

Kila chuo cha zamani kina mtunza nyaraka, na watu hawa ni wema kuliko ofisi nyingi utakazokutana nazo. Lakini ukiandika “nataka kila kitu kuhusu sororiti fulani” utajibiwa kwa aya moja. Taja jina la chama na majina yake ya awali, miaka kumi unayoilenga, kisha omba vitu kwa majina yake: vitabu vya mwaka vya wanafunzi, faili la mkuu wa wanafunzi wa kike, kumbukumbu za vikao vya baraza la sororiti za chuo, na orodha ya vyama vilivyotambuliwa rasmi kila mwaka.

Faili la mkuu wa wanafunzi wa kike nalitilia mkazo. Vitabu vya mwaka vinaonyesha nyuso na tabasamu. Faili hilo linaonyesha madeni ya nyumba, barua za wazazi, idadi ya waliojiunga na waliojitoa, na mara nyingi ile barua ya rais wa mwisho wa tawi inayosema hawawezi kuendelea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la chama kilichokufa mara nyingi limebaki kwa mtu ambaye hakuwa mwanachama.

Tarajia pia kuzuiwa mahali fulani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za masomo ya wanafunzi, hivyo alama na mambo ya nidhamu hutapewa. Usishindane nao. Majina ya waliokuwa wanachama utayapata kwenye vitabu vya mwaka na magazeti, ambayo yalichapwa kwa ajili ya watu wote.

Kwa magazeti, anza na gazeti la wanafunzi la chuo chenyewe, kisha mkusanyiko wa bure wa Chronicling America wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Tafuta jina likiwa limeandikwa kwa maneno, “Pi Kappa Sigma”, maana mashine zinazosoma picha za magazeti huzikoroga herufi za Kigiriki zenyewe. Tafuta pia kwa majina ya viongozi. Kama chama kilikufa baada ya katikati ya miaka ya 1990, kurasa zake za mtandaoni za zamani huenda zimehifadhiwa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za tovuti.

Hapa kuna jambo ambalo lilinigharimu. Miaka ya nyuma nilimwandikia mama mmoja kwamba bibi yake yumo kwenye picha ya kundi fulani, kwa kuwa herufi zilifanana na mwaka ulifanana. Kumbe lilikuwa chama kingine kabisa cha chuo kimoja, chenye herufi zilezile, katika jimbo jingine. Ilinibidi nimwandikie tena, na tayari alikuwa ameitundika ile picha ukutani. Tangu siku hiyo sikubali utambulisho wowote mpaka vitu vitatu vikubaliane: herufi, chuo, na beji au rangi.

Zungumza na wazee, kwa heshima

Kwa chama kilichokufa miaka ya 1950 au 1960, walioingizwa mwishoni bado wapo, wana miaka themanini na tisini. Mtafute kwanza mrithi, yaani chama kilichomeza, kwa sababu wanachama wengi walihamia huko na orodha anayo yeye. Usimpigie mzee simu moja kwa moja kutoka kwenye orodha uliyookota mtandaoni. Pitia chama au familia.

Ukikaa naye, uliza mambo ya maisha: nyumba waliyokaa, ada waliyolipa, siku walipoambiwa chama kinaungana na kingine, nani alilia, nani alikataa. Uliza kama ana katiba, kitabu cha nyimbo, au barua ya kumtaarifu muungano. Barua hiyo ni ushahidi wa kisheria, si kumbukumbu ya mapenzi tu.

Usimuulize sherehe ya siri. Aliyechezwa unyago anaelewa bila kuelezwa: yaliyosemwa ndani ni ya ndani, hata kama nyumba imebomoka. Nimeona watu wakichapisha maneno ya sherehe ya chama kilichokufa kwa kisingizio kwamba hakuna wa kulalamika. Bibi wa miaka 88 aliyekula kiapo yupo.

Tenganisha haki tatu

Tukifika kwenye haki, watu huchanganya vitu vitatu ambavyo sheria ya Marekani inavitenga.

Jina, herufi na nembo ni mambo ya alama ya biashara. Maandishi, yaani nyimbo, magazeti, katiba, ni mambo ya hakimiliki. Jina halilindwi na hakimiliki hata kidogo, kwa hiyo anayekuambia “nina hakimiliki ya jina” hajui anachokisema. Na umbo la beji linaweza kuwa liliwahi kupewa hataza ya umbo, ambayo zamani ilidumu miaka mitatu na nusu, saba, au kumi na nne. Hataza za zama hizo zimekwisha muda, lakini zitafute kwenye Google Patents, kwa kuwa zina mchoro wa beji, tarehe, na jina la mwombaji. Ni cheti cha kuzaliwa ambacho wengi hawajui kama kipo.

Kwa maandishi, kilichochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita ni cha umma. Kilichochapishwa baada ya hapo hadi mwaka 1963 kilitakiwa kihuishwe kikifika miaka 28, na magazeti mengi ya vyama vidogo hayakuhuishwa, ila ni lazima uangalie kumbukumbu za Ofisi ya Hakimiliki kabla ya kuchapa tena. Kisichochapishwa, kama kumbukumbu za vikao na barua, hulindwa miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, au miaka 120 tangu kuandikwa ikiwa mwandishi hajulikani. Kuwa nacho mkononi si kuwa na haki ya kukichapa.

Pekua sajili, moja baada ya nyingine

Anza na jimbo. Vyama vingi vilisajiliwa kama mashirika yasiyo ya faida, na msajili wa mashirika wa jimbo ana kumbukumbu. Jimbo lenyewe huenda si lile la chuo cha kwanza, bali lile la makao makuu. Omba nakala ya hati ya kuandikishwa, mabadiliko ya jina, hati ya muungano au ya kuvunjwa. Hati ya muungano ndiyo dhahabu ya uchunguzi huu, kwa sababu ndiyo inayoeleza mali zote zilikwenda kwa nani, na jina ni mali.

Angalia pia kama kuna shirika la nyumba. Tawi lililokuwa na nyumba yake kwa kawaida liliunda shirika dogo la pembeni, la wahitimu, lenye hati ya nyumba. Sororiti ikifa, shirika hilo laweza kuishi miaka mingi, likitoa ufadhili wa masomo kwa jina lilelile la zamani. Hapo chama ulichokiita maiti kinapumua.

Kisha mamlaka ya kodi. Sororiti na mashirika yake husamehewa kodi, nyingi chini ya kifungu cha 501(c)(7) cha sheria ya kodi, na mamlaka hiyo, IRS, ina ukurasa wa kutafuta mashirika yaliyosamehewa. Shirika lisilowasilisha taarifa miaka mitatu mfululizo hupoteza msamaha wake moja kwa moja, na orodha ya waliopoteza inaonekana kwa kila mtu. Kwa chama kilichokufa karne hii, hiyo ndiyo tarehe ya kifo iliyo karibu na ukweli.

Mwisho, ofisi ya hataza na alama za biashara ya Marekani, USPTO. Mfumo wake wa zamani wa kutafutia uliondolewa Novemba 2023, kwa hiyo maelekezo mengi unayoyakuta hayafanyi kazi tena, tumia ukurasa mpya wa utafutaji. Tafuta jina kwa maneno, si kwa alama za Kigiriki pekee. Alama hupangwa kwa madaraja kulingana na kinachouzwa au kufanywa: angalia daraja la 200, ambalo ni la alama za uanachama, kisha madaraja ya vito na nguo. Ukipata kitu, fungua faili lake lote: nani aliomba, alionyesha ushahidi gani wa matumizi, na umiliki ulihamishwa kwa nani. Mmiliki lazima awasilishe tamko la matumizi kati ya mwaka wa tano na wa sita, na kuhuisha kila miaka kumi. Ukiona “imekufa” kwenye faili, maana yake ni kwamba usajili umekoma. Haina maana kwamba jina ni huru.

Nalirudia hilo kwa kuwa ndilo linalowaumiza wasichana wetu. Wengi tumekulia na fikra kwamba jina ni la aliyelisajili. Marekani haki ya alama huzaliwa na matumizi. Chama ambacho hakijawahi kukanyaga USPTO kinaweza kuwa na haki kamili ya jina lake mahali kinapofanya shughuli, na msajili wa jimbo kukukubalia jina hakukupi haki dhidi yake. Kununua anwani ya tovuti vilevile hakukupi kitu.

Jina limetelekezwa, au limelala?

Sheria ya shirikisho inasema alama huhesabiwa kuwa imetelekezwa pale matumizi yanapokoma na mwenyewe hana nia ya kuyarudia. Miaka mitatu mfululizo bila matumizi ni ushahidi wa awali wa kutelekezwa, na baada ya hapo ni juu ya mwenyewe kuthibitisha vinginevyo. Kutajwa kwenye ukurasa wa historia ya mrithi peke yake si matumizi ya alama. Lakini mrithi anayeendelea kuuza nakala za beji ya zamani, kutoa tuzo kwa jina hilo, au kuwatambua wanachama wa zamani kwa herufi zao, ana la kusema mbele ya mahakama. Ndiyo maana uchunguzi wako wa historia lazima uendelee hadi wiki hii, usikome mwaka wa muungano. Angalia gazeti la mrithi la miaka mitano iliyopita, na maduka yanayouza bidhaa kwa leseni yake.

Herufi zenyewe hazina mwenyewe, kinachomilikiwa ni kuzipanga kuwa jina la chama cha aina fulani. Delta Phi Epsilon ni sororiti ya mwaka 1917, na ni pia jina la chama cha kitaaluma cha mambo ya nje kilichoanzishwa Georgetown mwaka 1920. Vimeishi bega kwa bega. Alpha Delta Theta ya wasichana iliingia Phi Mu mwaka 1939, na mwaka 1944 jina hilohilo likachukuliwa na chama cha wataalamu wa maabara za tiba. Sigma Phi Beta, ile niliyoitaja kwenye mlolongo, jina lake liliibuka tena mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kama udugu wa wanaume. Kadiri aina ya chama inavyotofautiana, ndivyo hatari ya watu kuchanganya inavyopungua, na hatari hiyo ndiyo inayopimwa. Sororiti mpya ya wanafunzi kuchukua jina la sororiti ya zamani ya wanafunzi ni hali mbaya kuliko zote.

Na vyama hivi hushitaki. Vyama 32 viliishitaki kampuni ya Paddle Tramps ya Texas, iliyokuwa ikiuza makasia ya mapambo yenye majina na nembo zao tangu 1961 bila leseni. Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tano iliamua mwaka 2013 kwamba vilikuwa vimechelewa mno, ikaiacha kampuni iendelee na makasia yake kwa masharti. Kampuni ilipona kwa sababu ya miaka yake mingi ya kutumia majina hayo bila kuzuiwa. Kundi la mwaka mmoja halina miaka hiyo ya kujitetea.

Kama unataka kulitumia

Andikia mrithi kabla ya kuchapa chochote. Eleza nyinyi ni nani, chuo gani, jina gani, na mmegundua nini, ukiambatisha mlolongo wako wa miaka. Omba jibu la maandishi. Mrithi anaweza kukataa, na mkikataliwa badilisheni herufi moja mapema, ni nafuu kuliko kubadilisha kila kitu baada ya miaka miwili. Anaweza kukubali kwa masharti. Anaweza pia kusema hana madai yoyote, na barua hiyo itunzeni kama hati ya kiwanja.

Ikiwa hakuna mrithi na hakuna matumizi, sajilini kwanza shirika lenu katika jimbo, kisha shirika ndilo liombe alama. Ombi likiandikwa kwa jina la dada mmoja wakati mwenye alama ni chama, ombi hilo ni batili tangu mwanzo, na siku dada huyo akigombana na wenzake jina linakwenda naye. Inawezekana kuomba kabla ya kuanza kulitumia, kwa msingi wa nia ya kulitumia. Ada tangu Januari 2025 ni dola 350 kwa kila daraja. Kabla ya kulipa, mpeni wakili wa alama za biashara faili lenu lote alisome. Vyuo vingi vyenye kitivo cha sheria vina kliniki za wanafunzi wa sheria zinazofanya kazi hii bila malipo, na ukiwapelekea mlolongo uliokamilika, nusu ya kazi yao imekwisha.

Msidai mwaka wa kuanzishwa wa chama cha zamani kama wenu, wala msivae beji yao. Kupewa jina si kupewa miaka ya watu.

Na kama ulichotaka ni historia tu, peleka nakala ya ulichokipata kwa mtunza nyaraka wa chuo kile: mlolongo wa miaka, picha za beji pande zote mbili, mazungumzo na wazee waliokubali kurekodiwa, na orodha ya mahali ulipotafuta ukakosa. Andika kwenye bahasha majina yote ya chama, la mwisho na yale ya kwanza, ili atakayekuja na beji yake aipate kwa jina lolote atakalokuwa nalo.